Nywele za Rangi ya Chai

4 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Na baba mdogo mfikishie shikamoo yake mapema, kabla hajaanza kulalamika kwamba namsahau. Mimi mzima. Baridi ya huku imenipasua midomo, lakini moyo ndio wenye shida zaidi, na huo hauna mafuta ya kupaka.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Tangu mama azikwe, kila tukipigiana wewe unalia, mimi nalia, salio linakwisha na hakuna aliyesema neno. Kwenye karatasi angalau kilio hakimkatizi mtu.

Paka wake anakula? Bomba la uani limetengenezwa? Nauliza mambo madogo kwa sababu ndiyo ninayoyaota.

Sasa lililonikalisha kitako. Najua hakuna nyumbani aliyewahi kuelewa ninachosoma. Mama aliwaambia majirani kwamba nasomea vyombo vilivyovunjika, na hakukosea sana. Nasoma vitu vya mikono vya Zama za Kati, vya watu walioishi miaka mia sita, mia saba iliyopita: vikombe vyao, viatu, makufuli, nguo. Hatusomi kwa vitabu tu. Tunashinda kwenye karakana iliyo chini ya jumba la makumbusho, na kila mwanafunzi hupewa kitu kimoja cha kale akitengeneze upya kwa njia ileile, kwa vifaa vilevile, bila njia ya mkato. Mwezi wa nane kazi zetu zitawekwa kwenye maonyesho kando ya vile vitu vya asili. Asiye na kitu kilichokamilika hana cheti. Jirani yangu wa mezani anatengeneza kufuli, na tunamwita Fundi Kufuli. Jana alilifungia kwenye boksi lake la chakula akashindwa kulifungua, ikabidi tumgawie mikate yetu.

Mimi nimepewa mkanda. Upana wake ni wa kidole gumba, urefu kama mkono wangu. Ulikutwa umefunga kisanduku ambacho ndani yake hakukuwa na kitu. Umefumwa kwa hariri na kitani, na kwenye ule uzi unaopita kwa upana kumesokotwa nywele za mtu.

Mwalimu wetu tunamwita Bibi Lenzi, maana kioo cha kukuzia hakimtoki shingoni. Nilimuuliza ni nywele za nani. Akasema, "Hatujui. Tunadhani aliyefuma alikuwa amefiwa. Walifanya hivyo ili wao wasiachwe nyuma kabisa." Kisha akaniangalia, akakumbuka habari zangu, akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Kwa hiyo naomba, mama mdogo. Kwenye shanuo la mama hazikosi nywele. Na ukiziona zile za juu ya sikio la kushoto, nitashukuru zaidi. Unakijua kile kishungi alichozaliwa nacho, cha rangi ya chai ya maziwa. Nilipokuwa mdogo nililala nimekishika. Nilipokivuta usingizini alisema taratibu, "Aa, Kidonge," wala hakuniondoa mkono.

Sikumzika. Mliniambia mkiwa mmeshatoka makaburini, na mpaka leo sijauliza kwa nini. Nipeni basi hizi nywele.

Mwanao,
Kidonge


27 Februari

Mwanangu Kidonge,

Marahaba, mara mbili, na ya baba mdogo. Barua yako aliisoma kwa sauti kama anayesoma taarifa ya habari. Alipofika kwenye boksi la chakula alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka ndani ya redio ya mtu.

Sisi hatujambo. Tumehamia nyumbani kwa mama yako ili taa iwake, maana nyumba isiyowashwa taa huzeeka haraka. Baba mdogo amepanga maredio yake barazani kama anataka kuanzisha kituo. Bomba bado linavuja, amelifunga mpira na kulisifia. Shuleni watoto wameongezeka, sufuria haijaongezeka, na mimi mpishi ni yuleyule mmoja. Paka anakula, lakini halali kwingine ila kitandani kwa mama yako, kwenye mto. Nikitaka kutandika ananitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.

Barua yako ilikaa mfukoni mwa aproni yangu siku kadhaa. Si kwamba niliisahau. Nilikuwa nikiishika kila nikipakua.

Nakutumia nywele ulizoomba, zimo ndani ya karatasi ya kaki. Si haba. Zile za rangi ya chai sijaziona, mwanangu. Nimetafuta kwenye droo, nimetafuta mpaka kwenye mishono ya godoro. Tosheka na hizi, na usiniulize zaidi. Mfiwa hahojiwi, na mimi na wewe sote ni wafiwa.

Nilipokuwa nikizifunga nilikumbuka mama yako alivyokuwa akinisuka. Mama yetu alikuwa kazini, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa mali yake. Alivuta mpaka macho yangu yakawa membamba. Nikilia alisema, "Tulia wewe, nakufunga usije ukapotea."

Kula vizuri. Midomo ipake mafuta ya kupikia, yanasaidia.

Mama mdogo wako


20 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamooni nyote wawili, na paka msalimieni kwa adabu zake. Mafuta ya kupikia yamesaidia, ingawa Fundi Kufuli anasema nanukia maandazi.

Bahasha ilifika. Niliifungua nikiwa peke yangu bwenini na nikaweka pua kwanza kabla ya macho. Zinanukia moshi wa kuni. Nilishangaa kidogo: mama na jiko lake la gesi, moshi aliutoa wapi? Halafu nikajiambia labda ni mikono yako iliyozifunga. Hazina hata moja ya rangi ya chai, lakini si kitu. Nimezisokota pamoja na uzi wa kitani nikazizungusha kwenye kijiti. Kimekuwa kibiringo kidogo, kama ncha ya kidole.

Nikueleze ninavyofuma, ili ukiwa jikoni uweze kuniona. Nyuzi ndefu nimezitandaza kutoka kwenye ndoana ukutani mpaka kwenye mshipi wa kiunoni mwangu, kwa hiyo mimi mwenyewe ni sehemu ya mtambo. Nikirudi nyuma nyuzi zinakaza, nikisogea mbele zinalegea. Kila uzi umepita kwenye tundu la kibao chembamba cha mbao, mraba, chenye matundu manne, moja kila kona. Vibao vimesimama vikiwa vimebanana kama karata mkononi. Navizungusha vyote kwa pamoja robo mzunguko, vinasema krrr. Napitisha uzi wenye nywele. Naupiga kwa kisu cha mbao: tap. Halafu tena. Krrr, kimya, tap. Asubuhi nzima.

Mkanda wa kale una kosa. Kila baada ya kipande fulani kibao kimoja kimezungushwa kinyume na vingine, na ua likapinda shingo. Nilitaka kulisahihisha, Bibi Lenzi akanipiga kidogo kwenye vidole. "Kosa nalo ulifume. Ukilisahihisha utakuwa umefuma mkanda wako, siyo wake." Sasa mkono wangu umelizoea hata silifikirii. Linakuja lenyewe.

Mama mdogo, najua ulisema nisiulize. Mliniambia ilikuwa homa ya ghafla. Lakini mwaka mzima kabla ya hapo mama alikataa tupige simu ya picha. Alisema kamera imeharibika. Baba mdogo anatengeneza maredio ya mtaa mzima, akashindwa kamera ya simu? Nauliza mara moja tu.

Mwanao,
Kidonge


16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Bomba limepona, baba mdogo amelishinda, na sasa mfereji ndio umeziba. Mwalimu mkuu amepewa uhamisho, watoto walimuimbia wimbo wa kuaga kwa furaha kidogo kupita kiasi.

Hiyo sauti uliyoiandika naijua. Tulianza kuisikia hata kabla barua yako haijafika.

Nikirudi shule mchana, nikikaa sebuleni kuvua viatu, inatoka chumbani kwa mama yako. Mwanzo nilidhani ni panya. Baba mdogo akaweka mtego na kipande cha samaki. Samaki akaliwa na paka, mtego ukabaki na aibu. Akasema basi ni mbao za dari zinakauka. Nikamuuliza, "Mbao gani zinazokauka kwa mpangilio?" Akanyamaza, na wewe unamjua, kunyamaza kwake ni tukio. Krrr. Halafu kimya kama cha mtu anayepitisha kitu. Halafu tap. Nikifungua mlango hakuna kitu, ni paka tu juu ya mto, na masikio yake yameelekea kona moja.

Labda ni masikio yetu. Watu wawili wakihuzunika kwenye nyumba moja husikia mengi.

Jingine dogo. Niliamka nikakuta nywele zangu za kisogoni zimesukika. Sikuzisuka mimi. Kimsuko chembamba, kimekaza, na kila baada ya kipande fulani fungu moja limepinda kinyume. Baba mdogo ameapa si yeye, na mimi namwamini, mtu asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake. Nilipokifumua kilitoka chote mkononi.

Nimeanza kufunga kichwa. Jikoni wanasema nimeanza mitindo uzeeni.

Kuhusu simu ya mama yako, ilikuwa simu mbovu. Wewe fuma, mwanangu, maliza, upate cheti chako. Hicho ndicho alichokitaka. Hicho tu.

Mama mdogo wako


9 Mei

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nenda kwa daktari ukaangaliwe kichwa. Nasema hilo kwanza.

Huku jua limeanza kutoka, watu wanatembea wamefungua makoti kama wameshinda bahati nasibu. Maonyesho yanakaribia na karakana imekuwa kama sokoni. Kufuli limefunguka hatimaye, ila sasa halifungi.

Nina mambo mawili, na sijui nimwambie nani mwingine.

La kwanza ni kibiringo. Nilikuwa na hofu kwamba nywele zitaisha kabla sijafika hata robo. Nimeshapita nusu ya mkanda, na kibiringo ni kilekile, kama ncha ya kidole. Nimekipima kwa kidole changu kila asubuhi. Fundi Kufuli akasema, "Mama yako alikuwa na nywele za kutosha mtaa." Akacheka. Kisha akakichukua mkononi akakiangalia, akakirudisha mezani na kujipangusa kiganja kwenye suruali. Anasema kilikuwa na joto.

La pili ni rangi. Zile nywele zilikuwa nyeusi kabisa. Wiki hii zinazotoka kwenye kibiringo zina mvi. Nikasema ni vumbi la chokaa, nikazipangusa, wapi.

Nikampelekea Bibi Lenzi. Alinichukua mpaka stoo ya juu, akavaa glavu, akatoa mkanda wa asili kwenye droo yake na kunipa kioo chake, ambacho hajawahi kumpa mtu. "Tazama mwanzo," akasema. Nywele nyeusi. "Sasa fuata." Nikafuata kwa kioo taratibu. Katikati zinaanza kuchanganyika mvi. Mwishoni, pale mkanda ulipokatwa kutoka kwenye mtambo, ni nyeupe tupu. "Miaka yote tuliandika kwamba ni za watu wawili," akasema, "kijana na mzee." Nikamuuliza, "Na sasa?" Akafunga droo. "Sasa sijui."

Siku ya ufunguzi ndipo kazi zetu za kufuma zitakatwa kutoka kwenye mitambo, mbele ya wageni. Mkanda haujawa mkanda mpaka ukatwe. Nimebakiza kipande kifupi.

Mama mdogo, sema nami. Hukunijibu kweli lile la simu ya mama. Nilikuahidi kuuliza mara moja tu, nami naitimiza ahadi. Lakini unajua kwamba nimeuliza.

Mwanao,
Kidonge


1 Juni

Mwanangu Kidonge,

Marahaba. Sisi wazima. Nimepewa mapumziko shuleni, kuna msichana ananishikia sufuria. Chumvi yake haina kipimo, watoto wameniletea malalamiko mpaka hapa barazani.

Mwandiko wangu usikushangaze, mkono umechoka tu. Daktari nimemwona. Hakuona kitu.

Nafurahi mkanda unakwenda. Usiogope mambo ya rangi. Mama yako nywele zake zilikuwa na vituko vyao, na wewe unajua.

Nilikumbuka jana ulivyokuwa ukikaa chini ya kiti chake anaposhona, ukimshikia donge la uzi. Ulikuwa mfupi, mviringo, huna shingo, ndipo akakuita Kidonge. Ukisinzia donge liliviringika mpaka mlangoni, naye hakukuamsha. Alikuwa akiinuka mwenyewe kulifuata, anakuruka kama mtu anayevuka dimbwi.

Maliza kazi yako. Ukate. Mimi nitafurahi.

Mama mdogo wako

Mwanangu, huyu ni baba mdogo. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Yeye amelala. Ameniapisha nisikupigie simu. Kuandika hakunikataza, alisahau.

Nywele ulizotumiwa alizikata kichwani mwake, jikoni, kwa mkasi wa samaki. Nilimkuta. Akaniambia, "Mtoto ameomba, nimwambie nini?" Za mama yako hazikuwepo. Ugonjwa ulimkaa mwaka mzima na dawa zikazimaliza nywele zote, hata kile kishungi. Alifunga kitambaa mpaka mwisho. Hakutaka uone, ungeacha masomo ukarudi. Alituapisha nyumba nzima, na alitaka azikwe kabla hujajua. Kamera ilikuwa nzima.

Sasa huyu naye hana kitu kichwani. Hali chakula. Amekuwa mwepesi, nikimwinua kitandani ni kama kuinua koti. Na ile sauti haitoki tena chumbani kwa dada yake. Mimi ni fundi redio, najua mlio unaotoka nje ya kasha na unaotoka ndani. Nimeweka sikio. Unatoka ndani ya kichwa chake.

Fuma polepole. Au usifume. Wewe ndiye unayejua kazi hiyo.


18 Juni

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Leo sisalimii kwa mapana, utanisamehe.

Barua ilipofika nilipiga simu. Wewe ulipokea. Ukasema, "Haloo? Haloo, nani?" na nyuma ya sauti yako nikaisikia. Krrr. Kimya. Tap. Nilikuwa nimesimama karakanani, mkanda uko mbele yangu, mshipi nimeuvua, umefungwa ndoana na ndoana, hakuna aliyeugusa. Na kibao kimoja kilikuwa kinamaliza kugeuka.

Nikakata bila kusema kitu. Ulidhani ni mtu amekosea namba.

Nilichukua kwanza mkasi. Nakuambia ukweli. Mkono wangu ulitaka kuukata huo mkanda vipande vipande, tumalizane. Bibi Lenzi alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa amesimama nyuma yangu sijui tangu saa ngapi. Akasema, "Ule wa kwanza ulikatwa. Umeona ulikoishia, nywele nyeupe tupu." Nikauweka mkasi chini.

Basi nikajifunga mshipi kiunoni na nikaanza kurudi nyuma. Sikuwa nimefundishwa hilo, hakuna anayefundishwa kufumua. Robo mzunguko kinyume, natoa uzi, nalegeza. Robo mzunguko, natoa, nalegeza. Vibao vilikuwa vizito, mama mdogo, kama mlango unaoufungua na upande wa pili kuna mtu ameegemea. Pale kwenye kosa, kile kibao kimoja, ilibidi nikigeuze peke yake kuelekea mbele huku vingine vinarudi, na kila nilipofanya hivyo kilinikata kidole kidogo. Fundi Kufuli aliacha kazi yake akaja kunishikia nyuzi zisichanganyike. Hakutania hata mara moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa.

Nywele zilitoka nyeupe mkononi mwangu. Nilizilaza kwenye kitambaa. Nilipogeuka kuzitazama tena zilikuwa nyeusi.

Nilipotoa uzi wa mwisho, kibiringo kilikuwa kimebaki kijiti kitupu.

Bibi Lenzi aliniambia yale anayopaswa kuniambia kama mwalimu. "Unajua bila kazi iliyokamilika sitaweza kukupa cheti." Nikasema najua. "Mwaka mzima utarudia." Nikasema nitarudia. Kisha akasema, "Nyuzi zako tutazitundika hivyohivyo, kando ya ule wa kale. Watu wataniuliza kwa nini kuna nyuzi tupu. Nitatafuta la kusema."

Naambatanisha nywele zako zote. Nimezifunga kwa karatasi ileile ya kaki, imechakaa lakini imevumilia. Sikuulizi kitu, mama mdogo. Ulichokifanya nakielewa. Mama angekuwa wewe angefanya hivyo hivyo, na wewe ungekuwa mimi ungeomba vilevile.

Ila cheti ndicho alichokitaka, na mimi nimekikosa. Hilo umweleze ukienda kumtembelea. Mimi siwezi.

Nijibu upesi. Hata neno moja. Hata kama ni la baba mdogo.

Mwanao,
Kidonge


14 Julai

Mwanangu Kidonge,

Marahaba, marahaba, na tena marahaba. Naandika mwenyewe, na mwandiko unauona, umesimama.

Baba mdogo nimemnunia siku mbili kwa kuandika ndani ya bahasha ya mtu. Siku ya tatu nilihitaji kufunguliwa kopo, tukapatana. Anasema kisheria sikumkataza.

Sauti ilikoma. Nilikuwa nimelala mchana, ikawa inakwenda kinyume, tap kwanza, kisha kimya, kisha krrr, inazidi kulegea, mpaka nikasikia mbwa wa jirani. Nilikuwa nimesahau kwamba jirani ana mbwa. Niliomba uji. Baba mdogo aliupika mwenyewe na ulikuwa mbaya kabisa, nikaumaliza wote. Sasa nikipitisha kiganja kichwani nasikia vinywele, vilaini kama vya mtoto aliyezaliwa juzi. Shuleni nimerudi nikaokoe chumvi.

Kaburini nilikwenda. Nilimweleza la cheti, kama ulivyonituma. Nilimwambia pia kwamba unajua sasa, yote. Nilikaa kidogo. Nikaona nimeshusha mzigo ambao sikujua nimeubeba begani upande gani.

Bahasha yako ilifika wiki iliyopita. Niliimwaga mezani, juu ya kitambaa cheupe, mchana, mlango wazi. Nywele zangu nazijua, mwanangu, nimeishi nazo. Nilikuwa nazikusanya niziweke kando ndipo nikaona unywele mmoja haukubali kuchanganyika na wenzake. Mrefu. Nikaupeleka kwenye mwanga wa mlangoni.

Una rangi ya chai.

Nimemwita baba mdogo aone, maana macho yangu siku hizi siyaamini. Aliuona. Aliuchukua kwa kibano chake cha redio akautazama pande zote, akakaa chini. Mimi sikuuweka, mwanangu. Nilitafuta mpaka ndani ya mishono ya godoro, nilikuambia. Na wewe hukusema kwamba uliuona huko.

Nakutumia, nimeukunja ndani ya kitambaa cha kichwa cha mama yako, kile cha bluu alichokifunga mpaka siku ya mwisho. Nilikuwa nimekificha chini ya sanduku langu. Sijakifua. Ukifungua weka pua kwanza kabla ya macho, kama kawaida yako. Ni yeye huyo, wala si moshi wa kuni.

Usiufume, wala Bibi Lenzi usimwonyeshe. Uweke chini ya mto, na ukitaka, ulale umeushika.

Ila usiuvute. Leo asubuhi, kabla ya kuukunja, niliuvuta kidogo tu niunyooshe. Paka aliinuka kwenye mto. Na chumbani kwa mama yako, taratibu, bila hasira yoyote, nikasikia:

"Aa, Kidonge."

Mama mdogo wako